Mdomo wa Meio

Jumanne ya Juma Kuu, Fundi Bindo aliletewa kiti akakikataa. Alikuwa na miaka sabini na miwili na magoti yote mawili mabovu, lakini alisema picha ya altare hukaguliwa kwa kusimama, na anayetaka kuketi aende kwa kinyozi. Akasimama katikati ya kikanisa cha Ndugu wa Kifo Chema, mikono nyuma, tumbo mbele, akaitazama kazi ya Brizio kama mama mkwe anavyomtazama bibi harusi.

Brizio alikuwa ameegemea ukuta. Ubao ule ulikuwa umemla miezi kumi na minne: Bwana anashushwa msalabani, watu tisa wamebanana kwenye ngazi mbili, anga la kijani, na mahali pa kukanyaga hapaonekani vizuri. Pale Siena kazi ya altare haipokelewi mpaka fundi mwingine aikague mbele ya mkuu wa chama kilichoiagiza. Akisema inafaa, inapanda ukutani. Akisema haifai, aliyeichora anajitwika ubao wake mgongoni na kurudi nao nyumbani mchana kweupe, na wanawake wa madirishani hawakosi la kusema.

"Haya," alisema Bindo. "Tuanze na wizi."

Mkuu wa chama, Ser Ambruogio, karani wa mahakama aliyekuwa mwembamba na mwenye mafua yasiyoisha, alikuwa ameshajikalia kwenye kile kiti kilichokataliwa. Akainua kichwa. "Wizi?"

"Usiogope, Ser. Wizi wa kawaida, sote tunaufanya. Huyu jamaa aliyening'inia juu ya ngazi, ana misuli kama gunia la maharage. Huyu nimemwona Roma, kwenye dari la kanisa la Papa. Umemgeuza tu, Brizio, kichwa kikaenda kushoto."

"Nimemgeuza, ndiyo," alisema Brizio.

"Na umemvalisha nguo. Asante. Yule Mfiorentina hana haya kabisa, lakini utatarajia nini kwa mtu wa Firenze?" Ser Ambruogio akacheka hadi kamasi zikamtoka. Bindo akasogea hatua moja. "Magdalena huyu aliyetupa mgongo ni Mjerumani. Ametoka kwenye karatasi za chapa anazouza yule mchuuzi mwenye jicho moja, siku ya maonyesho. Usikatae, karatasi hiyo hata mimi ninayo."

"Mjerumani?" Ser Ambruogio aliacha kucheka. "Fundi, siku hizi mambo ya Wajerumani... Tusije tukaambiwa tumeweka Mlutheri juu ya altare."

"Karatasi ilichapwa kabla Luther hajaanza kelele zake. Halafu, Ser, umewahi kuona mgongo wa mwanamke ukahubiri?" Bindo hakungoja jibu. "Waridi hili na kijani hiki cha homa ni vya marehemu mwalimu wako, Brizio, Mungu amrehemu. Ukiona rangi hizi unajua mwenyewe alikuwa na nyongo. Sasa huu uzi wa dhahabu kwenye pindo la Bikira. Huu wa nani? Nani bado anatia dhahabu siku hizi?"

"Wa bibi yangu."

"Alikuwa mchoraji?"

"Alikuwa akikaanga maandazi sokoni. Kila Jumamosi alinipeleka kwa Bikira wa zamani, yule wa ubao wa dhahabu pale kanisani kwa watawa Watumishi. Alikuwa akinionyesha pindo lake kwa kidole, ananiambia nihesabu nyota."

Bindo akalitazama tena lile pindo. "Basi hapo hukuiba," alisema. "Hapo umerithi."

Kisha akaufikia mwili wa Bwana mwenyewe. Kichwa kilikuwa kimeanguka nyuma kwenye mkono wa aliyemshika. Mkono wa kushoto ulining'inia hadi karibu na ukingo wa ubao, kidole cha mwisho kimepinda, kucha zina weusi wa kahawia. Shingo ilikuwa na rangi ambayo si njano wala si kijani. Na mdomo ulikuwa wazi. Haukuwa wazi kama wa mtu aliyelala. Ulikuwa wazi kama wa mtu aliyekatishwa neno.

Mzee akasogea hadi pua yake ikakaribia kugusa vanishi. Akakaa hivyo muda mrefu, mpaka Ser Ambruogio akaanza kupiga mguu sakafuni.

"Na huu mdomo," alisema Bindo, sauti imeshuka. "Huu umeutoa wapi?"

"Kichwani mwangu."

"Brizio, kichwa chako nakijua miaka ishirini. Hakijawahi kuwa na kitu kama hiki."

"Basi sasa kimekuwa nacho."

Bindo akageuka, na Brizio akaona kwamba mzee yule aliyewaliza nusu ya mafundi wa mji alikuwa analengwalengwa na machozi. "Ser Ambruogio," alisema, "ipokeeni. Ipokeeni kabla hajaondoka nayo. Maiti tunazozichora sisi zimelala usingizi, zinapendeza, unaweza kuzila na mkate. Huyu amekufa. Miaka thelathini sijaona kitu hiki mjini." Akamshika Brizio bega. "Sikiliza. Kuna bwana wa Jenoa anajenga kasri, kila mwezi ananiandikia nimtafutie mtu. Ijumaa Kuu anapita hapa akielekea Roma. Nitamleta, nitamsimamisha hapa hapa, mbele ya mdomo huu. Ukifika miaka yangu watu watakuita Brizio wa Mdomo. Unanisikia?"

Brizio alimsikia. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na maisha yake yote alichora makasha ya maharusi, vichwa vya vitanda na bendera za kuomba mvua. Neno hili alikuwa amelingoja tangu ujana. Sasa limekuja, naye alitamani lisingekuja.

Maana ule mdomo ulikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe aliitwa Meio, kijana mtengeneza ngozi wa bondeni Fontebranda. Mwezi wa kumi na moja uliopita alimchoma mtu kisu kwenye mchezo wa dadu, mtu akafa, na mahakama ikamhukumu anyongwe. Brizio hakuwa mchoraji tu wa Ndugu wa Kifo Chema. Alikuwa mmoja wao, kama baba yake kabla yake. Kazi ya Ndugu ni kumsindikiza aliyehukumiwa. Wanavaa majoho meusi yanayofunika uso, yameachiwa matundu mawili ya macho, na nani ni nani hakuna anayepaswa kujua. Mmoja anashika kibao.

Kibao chenyewe ni kidogo, kina mpini, kimechorwa Msalaba upande mmoja. Aliyekichora hajulikani, na rangi imeliwa na pumzi za watu wa miaka mia moja na busu zao. Mshika kibao anatembea kinyumenyume mbele ya mfungwa, amekiweka karibu na uso wake kabisa, tangu mlango wa gereza hadi kwenye mti wa kunyongea. Mfungwa akipanda ngazi, naye anapanda ngazi ya pili kandokando, bado amekishika. Kusudi ni moja tu: mtu yule asiione kamba, wala mnyongaji, wala watu waliokuja kutazama. Amwone Bwana mpaka mwisho, ataje jina lake, afe nalo. Mkono wa mshika kibao haushuki. Hilo ndilo sharti, na hata mtoto wa Siena analijua.

Zamu ilikuwa ya Brizio. Njia nzima Meio alijitahidi. Alirudia "Yesu, Yesu" kama alivyofundishwa siku tatu, na mara moja alisema, "Ndugu, kibao chako kinanuka kitunguu," na Brizio alicheka ndani ya joho bila kutaka. Chini ya ngazi kijana alianza kutetemeka. Akanong'ona, "Ndugu, usiniondolee hii."

"Sikuondolei," alisema Brizio.

Wakapanda. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima, na wakati uleule jua likatoboa mawingu. Likampiga Meio shingoni, chini ya taya, pale ambapo kibao kilikuwa kinaficha nusu. Ngozi ilipata rangi ambayo Brizio alikuwa ameitafuta miezi tisa, kwa udongo wa kijani, kwa rangi nyeupe ya madini ya risasi, kwa nyongo ya ng'ombe, asiipate. Macho ya mchoraji hayana adabu. Akataka kuona tu inaishia wapi. Akakishusha kibao, upana wa vidole vinne, kwa muda wa pumzi moja.

Meio akaiona kamba. Akaona mikono ya mnyongaji. Macho yakamtoka, akafumbua mdomo, akapiga ukelele ambao haukuwa jina la Bwana, na ngazi ikavutwa.

Hakuna mwingine aliyejua. Watu walisikia ukelele tu, na wanyongwao hupiga kelele. Ndugu waliubeba mwili hadi kikanisani, wakauosha, wakakifunga kidevu kwa leso kwa sababu mdomo ulikuwa haukubali kufungika, wakaenda kunywa supu. Brizio, kama desturi ya mshika kibao, aliachwa na mwili awashe mishumaa. Akatoa kipande cha chaki nyekundu. Akaifungua ile leso, akachora, akaifunga tena. Alifanya upesi na alifanya vizuri. Jambo lililomtisha baadaye ni kwamba mkono wake haukutikisika hata kidogo.

Jioni ile Ser Ambruogio aliteremka bondeni kwa mama wa marehemu, akasema maneno ambayo Ndugu huwaambia mama wote: "Alikata roho macho yake yakiwa kwa Bwana."

Sasa, mama wa Meio, Mona Nuta, ndiye aliyekuwa mfuaji wa majoho ya Ndugu. Brizio alikuwa amemkwepa miezi mitano, akimwona kichochoro hiki yeye anapita kile. Jumatano asubuhi hapakuwa na kichochoro. Alikuwa amepanda kwenye sanduku anapangusa ubao, mlango ukafunguliwa na goti, mama akaingia na kapu la majoho ya maandamano ya Ijumaa. Kimama kifupi, mikono imeiva kwa maji ya majivu hadi kwenye viwiko.

"Endelea na kazi yako, Fundi, mimi natundika tu," alisema.

Akatundika mawili. Joho la tatu likabaki mkononi mwake. Brizio hakuthubutu kugeuka.

"Fundi. Hiki kidole."

"Kidole gani, Mama?"

"Hiki cha mwisho. Kilibanwa na mlango kiwandani, akiwa na miaka tisa. Nilikifunga mimi mwenyewe na kijiti. Nilikifunga vibaya." Akaja karibu, akainama. "Na kucha zenye weusi wa magome ya kulainishia ngozi. Nilizisugua kwa ndimu, kwa mchanga, kwa kila kitu. Hazikutoka."

Brizio aliteremka kwenye sanduku. "Mama, wachoraji tunaona mikono mingi..."

"Usinizungushe, mwanangu." Hakusema kwa ukali. "Najua chama chenu hakisemi nani alishika kibao, nami sikuuliza. Lakini miaka minane nafua majoho haya. Najua lipi linamwagiwa nta, najua lipi linakwenda kilabuni. Siku ile lililomwagiwa nta, la mshika kibao, lilirudi na chaki nyekundu mkononi. Nililifua mara tatu." Akalikunja lile lililokuwa mikononi mwake, akalikunjua. "Nilifurahi, unajua? Nilisema, ahsante Mungu, kumbe alikuwa fundi. Fundi ana mkono wa kutulia. Atakuwa amemshikia vizuri."

Kama angemtukana, Brizio angevumilia.

"Nina neno moja tu nataka unijibu. Ser Ambruogio aliniambia alikata roho macho yakiwa kwa Bwana. Nalala na maneno hayo, naamka nayo. Sina kingine cha kuamka nacho. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama," alisema Brizio.

Mona Nuta aliitikia kwa kichwa. Kisha akautazama ubao tena, na Brizio akaona anautazama mdomo, na hakuutazama kama Bindo alivyoutazama.

"Basi mbona kinywa kiko hivi?" aliuliza. "Mimi ndiye niliyemnyonyesha. Najua kinywa chake kikilia, kikila, kikidanganya. Hapa hasali. Hapa anaogopa." Akamgeukia. "Aliona nini, Fundi?"

Ndipo Brizio akamwambia. Hakupunguza kitu. Alimwambia kuhusu mvua na jua na shingo, vidole vinne, pumzi moja. Alimwambia kuhusu leso. Alipofika kwenye ngazi alikuwa amepiga magoti bila kujua amepiga magoti saa ngapi.

"Alisema nini?" aliuliza Mona Nuta.

"Mama..."

"Nakuuliza alisema nini."

"Ndilo hilo. Alisema Mama. Hakulimaliza."

Uso wa mama yule ulifunguka. Kwa kitambo kidogo ulikuwa na furaha tupu, furaha ya kutisha, uso wa mtu aliyeitwa jina lake na ampendaye. Halafu furaha ikatoka, na hofu ikaingia mahali pake. Akaketi kwenye kapu, juu ya majoho safi.

"Aliniita," alisema. "Siku tatu walimfundisha aseme Yesu, akaniita mimi. Mtu akifa na jina lingine kinywani anakwenda wapi?"

"Sijui, Mama."

"Na mimi nilikuwa nimejifungia ndani. Waliniambia nifunge madirisha nisisikie, nikafunga. Aliita, nami nimefunga madirisha." Akajipiga kifuani, mara moja, kwa ngumi iliyokunjwa. "Wewe ulikuwa karibu naye kuliko mimi. Ungeweza kumshika shavu. Na ulikuwa unatazama rangi."

"Nisamehe."

"Sijui kama naweza. Usiniulize leo." Akainuka kutoka kwenye kapu. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayeagiza sabuni. "Ijumaa watakuja wote. Watapanga mstari, watamtazama. Na mwakani, na mwaka wa baadaye, hata nikishakufa. Atakuwa ananiita tu hapo ukutani, na hakuna wa kumwitikia. Mfunge mdomo, Fundi. Umeifungua ile leso, ifunge."

Moyo wa Brizio uliruka, na lazima isemwe ulirukia wapi: ulirukia Jenoa. "Mama," alisema, "Fundi Bindo alisema mdomo huo ndio kitu bora kuliko vyote vilivyochorwa mjini hapa kwa miaka thelathini."

"Nimeona," alisema Mona Nuta. "Ni kweli. Ndiyo maana nataka ufungwe."

Akatundika majoho yaliyobaki, yote, akayanyoosha mikunjo, akaondoka na kapu tupu.

Siku ile Brizio hakula. Alijipigia hesabu zote ambazo mtu hujipigia. Huyu ni mfuaji, akisema nani atamsikiliza? Chama kimeshapokea. Bwana wa Jenoa atasimama pale kwa muda wa kusali Baba Yetu moja na kwenda zake. Hapo ndipo wazo tamu lilipomjia, tamu kweli: hakuna aliyemkataza kuufunga, ila si lazima aufunge kabla. Ijumaa ipite. Jumamosi asubuhi atachukua brashi na kuufunga, mama atapata alichotaka, na yeye atapata chake. Siku moja tu. Nani ataumia kwa siku moja? Alipowaza hivyo alipata nafuu, hata akakata kipande cha jibini.

Kisu kilikuwa bado kwenye jibini alipomsikia Meio. Usiniondolee hii. Na yeye akajibu, sikuondolei. Na hata siku ile ilikuwa kidogo tu. Vidole vinne, pumzi moja, nani ataumia? Akakiacha kile kisu mezani. Alijiona jinsi alivyo, na hakupenda alichokiona.

Alhamisi asubuhi, kabla ya lolote, alikwenda kwa Watumishi. Bikira wa dhahabu alikuwa mahali pake, ameinamisha shingo upande, moshi wa mishumaa umemfanya mweusi kidogo mashavuni. Brizio hakuhesabu nyota. Aliutazama mdomo. Ulikuwa mdogo, umefungwa, mistari miwili tu na kivuli chini, mdomo ambao kila fundi wa Siena alijifunza utotoni na kila fundi wa kisasa anauonea aibu. Akauchora kwenye kiganja cha mkono wake na kuondoka.

Alipofika kikanisani Mona Nuta alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma. Hawakusalimiana. Brizio alisaga rangi, akapanda kwenye sanduku, na kwa muda mrefu brashi ilibaki hewani. Baba yake alipokufa mkono huu haukutetemeka, wala haukutetemeka Meio alipokufa. Sasa ulitetemeka hata akalazimika kuushika kwa mkono wa pili. Rangi ikaingia ndani ya lile tundu jeusi, ikalijaza. Kitu chake bora maishani kilizama mbele ya macho yake kama mkate kwenye supu.

"Hivi?" aliuliza bila kugeuka.

Kisha viatu vya mbao vikaja hadi nyuma yake.

"Mdomo wa chini ulikuwa mnene zaidi," alisema Mona Nuta. "Akilala alikuwa anauvuta ndani kidogo. Upande huu. Hapana, huu."

"Hivi?"

"Juu. Punguza. Hapo." Akashusha pumzi. "Hapo hapo, acha."

Ijumaa Kuu mvua ilinyesha lakini watu walijaa. Bwana wa Jenoa alikuja na manyoya shingoni na harufu ya karafuu, na Fundi Bindo alimwongoza kwa kumshika kiwiko, akiwasukuma watu pembeni, akimwambia njiani atakachokiona. Wakafika mbele ya ubao. Bindo akainua mkono kuonyesha, na mkono ukabaki juu.

Bwana wa Jenoa alitazama kwa adabu. "Kazi safi," alisema. "Huyu wa kwenye ngazi nimemwona mahali. Roma, sivyo? Na rangi zinachangamsha. Ahsante sana, Fundi." Akapiga ishara ya msalaba, akaulizia farasi wake.

Bindo alimvuta Brizio hadi nyuma ya nguzo. Uso ulikuwa umemwiva. "Nani kaufanya hivi? Nani? Kasisi? Ser Ambruogio? Niambie nimvunje meno."

"Mimi."

"Wewe! Mdomo wa bibi yako huo, wa Bikira wa Jumamosi! Mpumbavu mkubwa wewe! Ubao mzima ni wa watu, nilikuhesabia mmoja mmoja, nikakupata na kitu kimoja, kimoja tu chako mwenyewe, nawe unakifuta?"

"Hivyo vingine niliazima, Fundi," alisema Brizio. "Kile ndicho nilichoiba."

Mzee alifumbua mdomo ajibu. Akamtazama Brizio, akalitazama lile joho jeusi alilovaa, akautazama ubao pale ambapo mkono wenye kidole kilichopinda ulikuwa bado unaning'inia. Fundi Bindo alikuwa na ulimi mbaya, lakini hakuwa mjinga. Akaufumba mdomo, akavua kofia yake.

Zamu ya wanawake ilikuwa mwisho. Mona Nuta alikuja na wenzake wa bondeni, wote wananuka ngozi na magome, hakuna aliyewapisha kwa hiari. Akampita Brizio mlangoni pa uzio wa altare. Hakumtazama usoni. Alimtazama mkono.

"Joho lako lina rangi," alisema. "Usilisugue mwenyewe, utaliharibu. Lilete Jumatatu."

Akasonga mbele hadi kwenye ubao. Wengine walibusu ukingo, kama desturi. Yeye alinyoosha mkono wake mwekundu, akakishika kile kidole cha mwisho kilichofungwa vibaya, akakiminya kidogo.

"Lala, baba," alisema. "Nimeshasikia. Lala."